Amri ya Baiti Nane

Kwenye kiwanda cha maziwa, mahali fulani kati ya tangi la maziwa mabichi na mashine ya kujaza pakiti, pana kabati la chuma, na mlangoni mwa kabati hilo kimepachikwa kifaa kisichozidi upana wa kiganja. Kina safu mbili za tarakimu. Ya juu huonyesha joto lilivyo sasa, ya chini joto linalotakiwa. Maziwa yanayopita bombani sharti yafikie nyuzi 72 za Selsiasi na yashikiliwe hapo kwa sekunde 15 kabla ya kupozwa. Joto likipungua, vijidudu vinasalimika; likizidi mno, maziwa hupata ladha ya kuungua. Kifaa hicho hupima, hulinganisha, kisha huamua vali ya mvuke ifunguke kiasi gani, mara kadhaa kila sekunde, usiku na mchana. Mafundi hukiita kontrola.

Zamani aliyetaka kubadili joto hilo alisimama mbele ya kabati akabonyeza vitufe. Hata leo inawezekana. Lakini mara nyingi agizo hutoka kwenye kompyuta iliyo chumba kingine, hupita kwenye waya biti moja baada ya nyingine, nalo huwa hivi:

01 06 00 02 02 D0 28 F6

Baiti nane, basi. Mhadhara huu ni juu ya baiti hizo: zinasema nini, zilitoka wapi, na hasa ni yapi zisiyoyasema. Maana anayezisoma kwa makini hugundua jambo la ajabu kidogo. Sehemu kubwa ya amri haimo ndani ya amri. Imo kwenye kijitabu cha mtengenezaji, kwenye kichwa cha fundi, au kwenye karatasi iliyopotea miaka kumi iliyopita.

Kuzisoma zenyewe si kazi ngumu. Tarakimu zimeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ambamo baada ya 9 huja herufi A hadi F. Baiti ya kwanza, 01, ni anwani: waya mmoja unaweza kubeba kontrola nyingi, na hii inaitwa ya kwanza. Ya pili, 06, ni kazi inayotakiwa: “andika rejista moja”. Mbili zinazofuata, 00 02, zinataja rejista yenyewe, yaani kijichumba cha kumbukumbu ambamo kontrola hii huweka joto linalotakiwa. Kisha 02 D0, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 720. Kontrola haijui nukta ya desimali, nyuzi 72.0 husafiri kama 720, na pande zote mbili zinatarajiwa kujua kwamba kuna kugawa kwa kumi. Mbili za mwisho, 28 F6, ni namba ya uhakiki iliyokokotolewa kutoka kwenye sita zilizotangulia.

Kontrola ikikubali, hurudisha baiti zile zile nane bila kubadili hata moja. Ikikataa, huongeza 80 kwenye namba ya kazi, ili 06 iwe 86, kisha hutaja sababu kwa baiti moja: 01 ikiwa kazi hiyo haiijui, 02 ikiwa rejista hiyo haipo, 03 ikiwa thamani haikubaliki, 04 ikiwa yenyewe imeharibika. Hakuna maelezo zaidi. Na ikiwa namba ya uhakiki hailingani na ujumbe, kontrola hainung'uniki wala haiulizi. Hukaa kimya, na aliyetuma hungoja hadi muda wake wa kusubiri uishe, arudie. Kimya hicho hicho hupatikana pia waya ukiwa umekatika, kontrola ikiwa imezimwa, kasi ikiwa si sahihi, au anwani ikiwa imekosewa. Fundi anayekabiliana na kimya ana orodha ndefu ya washukiwa.

Lugha hii inaitwa Modbus. Ilitangazwa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani, na chanzo chake ni mkasa wa viwanda vya magari. Katika miaka ya sitini mistari ya kuunda magari iliongozwa na kuta nzima za relei, swichi za sumaku zilizounganishwa kwa nyaya maelfu. Kila mwaka umbo la gari lilipobadilishwa, kuta hizo zilifungwa upya kwa mkono. Mwaka 1968 kitengo cha Hydramatic cha General Motors kilitoa maelezo ya kifaa cha kielektroniki ambacho kingechukua nafasi ya relei hizo. Dick Morley, mhandisi wa kampuni ndogo iitwayo Bedford Associates, alikuwa amekwisha kuandika wazo la namna hiyo tarehe 1 Januari ya mwaka huo huo, siku ambayo, kwa masimulizi yake mwenyewe, kichwa kilikuwa kinamwuma baada ya mkesha. Kifaa kilichotoka kiliitwa 084 kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni. Kampuni iliyoundwa kukiuza ikaitwa Modicon.

Baada ya miaka kumi viwanda vilikuwa na vifaa vingi vya aina hiyo, na kila kimoja kilikuwa kisiwa. Modbus ilikuwa daraja. Jambo lililoipa umri mrefu halikuwa ufundi wake, kwani hata kwa viwango vya 1979 ilikuwa lugha ya watu wenye haraka. Lilikuwa uamuzi wa kuchapisha kanuni zake wazi na kuruhusu yeyote azitumie bila malipo. Mtengenezaji wa mita za umeme alizichukua, wa vipimo vya shinikizo vivyo hivyo, wa mashine za barafu pia. Mwaka 2004 kampuni ya Schneider Electric, iliyokuwa imerithi Modicon, ilikabidhi haki za itifaki hiyo kwa shirika la Modbus Organization. Leo kontrola za jenereta na inveta za sola zinazofungwa kwenye hoteli, mabenki na hospitali za Afrika Mashariki aghalabu huja na vituo viwili au vitatu vya waya vilivyoandikwa RS-485, na ukifungua kijitabu chake utaikuta Modbus inakungoja humo, ileile ya 1979.

Chini ya lugha upo waya, na waya una historia ndefu kuliko lugha. Kupeleka habari alama moja baada ya nyingine ni kazi ya telegrafu. Kebo ya telegrafu kutoka Aden iliyoifikia Zanzibar mwaka 1879, karne nzima kabla ya Modbus, ilifanya hivyo hivyo chini ya bahari. Mfaransa Émile Baudot, aliyesajili mtambo wake mwaka 1874, ndiye aliyetoa jina la baudi, kizio ambacho hadi leo kinatajwa kwenye menyu ya kila kontrola. Kisha zikaja taipu za simu. Teletype Model 33 ya miaka ya sitini ilikwenda kwa baudi 110: herufi kumi kwa sekunde, kila herufi ikiwa na biti 11, kwa kuwa mota na vyuma vyake vilihitaji biti mbili za kupumzika mwishoni. Kasi ya kawaida ya kontrola, baudi 9600, ni takriban mara 87 ya hiyo. Kwa simu ya mkononi ya leo ni mwendo wa kinyonga. Kwa tangi la maziwa lenye tani kadhaa, ambalo joto lake hubadilika kwa dakika, ni zaidi ya kutosha.

Mwaka 1960 chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha Marekani kilitoa kanuni ya RS-232. Humo biti ya moja ni volti hasi, kati ya 3 na 15, na biti ya sifuri ni volti chanya za kiwango hicho. Ilikusudiwa kwa masafa mafupi, mita kumi na tano hivi, na kwa vifaa viwili tu vinavyotazamana. Kiwandani hiyo haitoshi. Mota kubwa ikiwaka, waya mrefu wa RS-232 hupokea kelele ambazo mpokeaji hawezi kuzitofautisha na biti. RS-485 ya mwaka 1983 ilitatua hilo kwa ujanja mzuri: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja hubeba ujumbe ule ule kwa kinyume, na mpokeaji hutazama tofauti kati yao tu. Kelele ikiingia, huingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja, na tofauti inabaki ileile. Tofauti ya milivolti 200 inatosha kusomeka. Hivyo ndivyo jozi moja ya nyaya inavyoweza kwenda hadi mita 1,200 na kubeba vifaa 32 vya kawaida, ilimradi kila mwisho wa mstari ufungwe kizuizi cha omu 120 ili mawimbi yasirudi nyuma.

Ni mfumo mzuri wenye aibu moja. Nyaya hizo mbili huitwa A na B, na watengenezaji hawakukubaliana ipi ni ipi. A ya kampuni moja ni B ya jirani yake. Mafundi wazoefu hawapotezi muda kubishana na michoro. Kifaa kikikataa kujibu, jambo la kwanza ni kugeuza nyaya mbili na kujaribu tena. Hakuna kinachoungua kwa kufanya hivyo, na mara nyingi, cha ajabu, kifaa kinaamka.

Jambo jingine kwenye waya linastahili kukaliwa kidogo, nalo ni ukimya. Modbus haina alama ya kufungua wala ya kufunga sentensi. Mpokeaji anajua kwamba ujumbe umekwisha kwa sababu waya umenyamaza kwa muda wa herufi tatu na nusu. Kwa baudi 9600, herufi moja yenye biti 11 huchukua milisekunde 1.15, hivyo ukimya huo ni milisekunde 4. Huo ndio nukta ya lugha hii. Kanuni inaongeza kwamba katikati ya ujumbe herufi zisiachane kwa zaidi ya herufi moja na nusu. Mwaka 1979, kontrola ilipokuwa na kazi moja tu ya kufanya, sharti hilo lilikuwa jepesi. Kompyuta ya kisasa, inayocheza muziki, inayosasisha programu zake na kutafuta virusi, inaweza kabisa kutuma baiti tatu, kushughulika na mengine kwa milisekunde kumi, kisha kutuma tano zilizobaki. Kwa kontrola, hizo ni sentensi mbili zisizo na maana, na jibu ni kimya.

Kompyuta nyingi za leo hazina hata tundu la zamani la waya huu. Fundi hubeba kigeuzi kidogo cha USB, na hapo pia pana visa. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskochi, ambayo chipu zake hutumika sana kwenye vigeuzi hivyo, ilitoa programu mpya iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows. Programu hiyo ilitambua chipu bandia na kufuta namba zao za utambulisho, ikaweka sifuri, na kompyuta haikuvitambua tena vifaa hivyo. Watu wengi walionunua kwa nia njema vigeuzi vya bei poa waliamka na kukuta vimekufa. Kelele zilipozidi, toleo hilo liliondolewa.

Lugha za kontrola si zote za namba tupu. Ipo familia nyingine iliyokulia kwenye taipu za simu, inayotumia herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma. Eurotherm, kampuni iliyoanzishwa Worthing, Uingereza, mwaka 1965, ilizipa kontrola zake itifaki ya namna hiyo. Humo kipimo cha sasa ni PV, kiwango kilichopangwa ni SL, na nguvu inayotolewa ni OP. Kuuliza joto la kontrola namba moja, kompyuta hutuma herufi isiyoonekana ya “mwisho wa mawasiliano”, kisha 0011, kisha PV, kisha herufi isiyoonekana ya “nauliza”. Hizo 0011 ni anwani 01 ambayo kila tarakimu yake imerudiwa, tahadhari ya zama ambazo kelele za waya zilikuwa adui wa kila siku. Jibu huja na PV71.8, likiwa limefungwa kati ya alama ya kuanza na ya kumaliza maandishi, na nyuma yake herufi moja ya uhakiki.

Herufi hiyo hupatikana kwa kulinganisha biti za herufi zote, moja baada ya nyingine, palipo na tofauti pakiandikwa moja na palipo sawa sifuri. Kwa PV71.8 pamoja na alama ya kumaliza, matokeo ni 15 kwa mfumo wa kumi na sita. Hapo pana mtego mtamu: 15 ndiyo namba ya herufi ya “sikubali” katika jedwali la ASCII. Programu iliyoandikwa kizembe, inayosoma kila baiti inayoingia na kutafuta kukataliwa, itafanya kazi vizuri kwa nyuzi 71.7 na 71.9, kisha kwa nyuzi 71.8 itatangaza kwamba kontrola imekataa. Aliyeiandika anaweza kutafuta hitilafu hiyo wiki nzima, kwa sababu kila akienda kuangalia, joto limekwisha kubadilika. Uhakiki huo una udhaifu mwingine: haujali mpangilio. PV71.8 na PV17.8 zina herufi ya uhakiki ile ile.

Modbus ilichagua njia imara zaidi, ya CRC, iliyotokana na kazi ya mwanahisabati W. Wesley Peterson aliyeichapisha mwaka 1961. Ujumbe mzima huchukuliwa kama namba moja kubwa, hugawanywa kwa kigawanyo maalumu, na baki ndilo linalotumwa. Kosa lolote linaloharibu mfululizo wa biti 16 au pungufu hugunduliwa pasi na shaka. Kwa hiyo kontrola iliyopokea 28 F6 sahihi ina haki ya kuamini kwamba 720 iliyofika ndiyo 720 iliyotumwa. Hapo ndipo imani hiyo inapoishia. CRC inathibitisha usafiri. Haithibitishi kwamba aliyetuma alitaka kusema 720, wala kwamba alijua rejista 2 ni ya nini.

Na makosa ya kweli ya viwandani hukaa hapo, kwenye pengo kati ya namba na maana.

La kwanza ni la kuhesabu. Modicon wa kale walizipa rejista majina yanayoanzia 40001, lakini kwenye waya hesabu huanzia sifuri. Rejista ambayo kijitabu kinaiita 40003 huombwa kama 00 02. Baadhi ya watengenezaji huchapisha majina ya kale, wengine huchapisha namba za waya, na wapo wanaochanganya vyote viwili kwenye ukurasa mmoja. Kontrola zipo nyingi ambazo rejista 1 ni kipimo, 2 ni kiwango kilichopangwa, na 3 ni nguvu inayotolewa, nayo huandikwa kwa asilimia yenye desimali moja. Tuseme fundi amekosea kwa moja, na 720 ikaangukia rejista 3. Kontrola ikiwa kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono, itaelewa jambo tofauti kabisa: fungua mvuke kwa asilimia 72.0, ubaki hapo. Umbo la amri ni halali, CRC ni sahihi, na jibu litarudi kwa adabu ile ile, baiti nane kamili.

La pili ni la nukta. Programu inayotuma 72 badala ya 720 imeagiza nyuzi 7.2, na vali ya mvuke itafungwa kabisa. Kosa hili angalau hujitangaza mapema.

La tatu ni gumu zaidi kulishika. Vifaa vipya vinavyotaka usahihi hutumia namba za desimali zenye baiti nne, zinazokaa kwenye rejista mbili. Kwa kanuni ya IEEE 754, 72.0 ni 42 90 00 00. Lakini Modbus haikusema ni rejista ipi itangulie. Upande mmoja ukituma 42 90 kwanza na mwingine ukitarajia 00 00 kwanza, namba inayosomeka ni ndogo kiasi kwamba skrini yoyote itaonyesha sifuri. Msimamizi wa zamu akiona sifuri atadhani sensa imekufa. Atabadilisha sensa. Sifuri itabaki. Programu nyingi za kusoma Modbus leo zina kitufe cha kugeuza mpangilio wa maneno, na kuwepo kwa kitufe hicho ni ungamo tosha la tasnia nzima.

Kuna pia mambo ambayo hata kijitabu huyataja kwa herufi ndogo. Kontrola huhifadhi kiwango kilichopangwa kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na kumbukumbu hiyo huchakaa kwa kuandikwa. Aina zilizotumika kwenye kontrola nyingi hudhaminiwa kwa kuandikwa mara 100,000 kila kijichumba. Ni nyingi mno kwa kidole cha binadamu. Anayebadili joto mara kumi kwa siku atahitaji zaidi ya miaka 27. Kompyuta inayotuma kiwango kile kile kila sekunde, “kwa usalama”, huzimaliza kwa saa 28 hivi. Watengenezaji wengine wameweka rejista pembeni kwa ajili ya viwango vinavyobadilika kila mara, ambayo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Asiyeisoma aya hiyo ya kijitabu atajua habari zake kontrola itakapoanza kusahau.

Kasi nayo ina hesabu yake. Ombi la baiti nane huchukua milisekunde 9.2 kwa baudi 9600, jibu la kusoma rejista moja, baiti saba, huchukua 8, na nukta mbili za ukimya huongeza 8 nyingine. Jumla ni milisekunde 25 kabla kontrola haijatumia muda wake wa kufikiri. Waya wenye kontrola 30, ukizizungukia moja moja, hauwezi kumaliza mzunguko kwa chini ya robo tatu ya sekunde. Kwa joto inafaa. Kwa mashine inayofunga chupa, hapana.

Limebaki swali ambalo mwaka 1979 hakuna aliyeona haja ya kuliuliza: nani ametuma? Baiti nane zina anwani ya anayeambiwa, hazina ya anayesema. Hakuna nywila, hakuna sahihi. Wakati huo jibu lilikuwa ndani ya jengo: aliyeweza kugusa waya alikuwa amekwisha kupita kwa mlinzi. Kisha waya ukatolewa nje. Mwaka 1999 Modbus ilivikwa itifaki ya intaneti, ikapewa bandari 502, na rejista zile zile zikaanza kufikika kutoka mbali.

Dalili zilionekana mapema, hata nje ya Modbus. Mwaka 2000, wilayani Maroochy huko Queensland, Australia, vituo 142 vya kusukuma majitaka viliongozwa kwa redio. Fundi aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi aliyefunga mfumo huo, na ambaye halmashauri ilikuwa imemnyima ajira, alitumia kompyuta ya mkononi na redio kutuma amri zake mwenyewe kwa wiki kadhaa. Lita 800,000 za majitaka zilimwagika kwenye bustani, mito na uwanja wa hoteli. Pampu hazikuwa na namna ya kumtofautisha na mwajiriwa, kwani alisema maneno sahihi kwa mpangilio sahihi. Alifungwa miaka miwili.

Kisa cha Lviv ni cha karibu zaidi na mada hii. Januari 2024, katika mji huo wa Ukraini, majengo ya ghorofa zaidi ya 600 yalikosa joto kwa karibu siku mbili, huku nje baridi ikiwa chini ya sifuri. Julai mwaka huo kampuni ya Dragos ilieleza kilichotokea. Wavamizi walikuwa wameingia kwenye mtandao wa kampuni ya kupasha majengo miezi mingi kabla, kisha wakazitumia kontrola amri za Modbus hadi zikawa zinatoa vipimo vya uongo. Programu yao, iliyopewa jina FrostyGoop, ilijua mambo matatu: kusoma rejista kwa kazi namba 3, kuandika moja kwa kazi namba 6, na kuandika nyingi kwa kazi namba 16. Haikuhitaji kuvunja kufuli la kontrola, kwa sababu itifaki haina kufuli. Walichohitaji ni njia ya kufikia waya na orodha ya rejista, yaani kijitabu kile kile ambacho fundi mwaminifu hupakua bure.

Tiba rasmi ipo. Mwaka 2018 Modbus Organization ilichapisha toleo lenye usimbaji wa TLS na vyeti vya utambulisho, kwenye bandari 802. Linahitaji vifaa vipya. Kontrola iliyofungwa mwaka 1995, ambayo bado inapima vizuri na ambayo mwenye kiwanda haoni sababu ya kuitupa, haitajifunza TLS kamwe, na jozi yake ya nyaya haina pa kuweka cheti.

Kwa hiyo wenye kujali huweka vizuizi kwingine. Wengine hufunga kati ya ofisi na kiwanda kifaa kinachopitisha kazi namba 3 na kuzitupa namba 6 na 16, ili meneja aone joto bila mtu yeyote kuweza kuligusa. Kinga ya bei nafuu kuliko zote iko ndani ya kontrola yenyewe, na haina uhusiano wowote na mtandao: ni vikomo vya juu na chini vya kiwango kinachoweza kupangwa, tuseme 72.0 na 76.0, vinavyowekwa kwa vitufe na kufungwa kwa namba ya siri ya mhandisi. Kontrola bado haitajua ni nani anayesema, ila itajua kiasi kinachosemwa. Baadhi, zikiambiwa 90.0, hukata thamani hiyo kimya kimya hadi 76.0, na hilo lina hatari yake kwa kuwa aliyetuma anaweza kudhani ametiiwa. Nyingine hukataa waziwazi kwa sababu namba 03. Maandishi rasmi ya Modbus yanasema namba hiyo haikukusudiwa kwa kazi hiyo, lakini watengenezaji wengi wameizoea, na kwa mwendesha mitambo ni jibu muhimu kuliko usafi wa kanuni. Atumaye nyuzi 90 kwa kontrola hiyo ya maziwa, awe meneja, mwanafunzi wa mazoezi au mvamizi aliye ng'ambo, atapokea 01 86 03 na baki lake la CRC.